Sadaka ya Maji, Deni la Choo

Kadutu imejengwa mteremkoni, na kila jambo linalohusu maji katika komini hiyo ya mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, huanzia hapo. Nyumba zimepandana, paa la mmoja likiwa usawa wa kizingiti cha mwenzake, na katikati kuna vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu. Maji safi hupanda kwa taabu: yanasukumwa na pampu za Regideso, shirika la maji la serikali, pale umeme unapokuwapo, au yanabebwa ndani ya bidoni la lita 20 mgongoni mwa mwanamke, kamba ikiwa imempita kwenye paji la uso. Maji machafu hayahitaji pampu wala mgongo. Yanashuka yenyewe.

Mvua za Kivu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo, mvua kubwa ikianguka usiku, zipo nyumba ambazo hufungua tundu la choo ili mafuriko yabebe kilichojaa shimoni. Ndiko kutapisha choo, kama wanavyosema watu wa Dar es Salaam ambao nao wanaujua mchezo huo vizuri. Tundu lenyewe ni kipande cha bomba la plastiki kilichopenyezwa chini ya ukuta wa mawe, kimezibwa kwa kitambaa au mfuko, na mdomo wake umeelekezwa kwenye mfereji wa kichochoro. Kitambaa kikitolewa, kilichokusanywa kwa miaka kinaondoka kwa saa moja. Kinapita mbele ya mlango wa nyumba ya chini, kinaingia korongoni, kinafika mto Kawa, na mto Kawa unakimwaga katika Ziwa Kivu.

Asubuhi yake, kama ni Jumapili, mwenye tundu na jirani yake wa chini huenda kusali. Huenda wakakaa benchi moja. Watasikia kisa cha yule Msamaria aliyemhudumia mtu aliyeangushwa njiani, na wataulizwa jirani yao ni nani.

Swali hilo la zamani, likiulizwa Kadutu, lina jibu ambalo mahubiri huligusa mara chache: jirani ni yule anayeishi chini yako. Na kutoka hapo linazaliwa swali la pili, gumu zaidi. Kwa nini dini zetu zimemtukuza sana anayempa jirani maji, lakini zimemnyamazia anayehakikisha kwamba kinyesi chake hakimfikii jirani huyo huyo? Kumpa mtu maji kumeandikwa katika daftari la sadaka. Kumkinga na uchafu wako kumeachwa katika daftari la usafi, kwenye meza ya bwana afya, kana kwamba Mungu hakusimama upande huo wa nyumba.

Sifa za mtoa maji zinajulikana kwa kila mtoto wa madrasa na wa katekisimu. Waislamu husimuliwa habari za Uthman bin Affan, aliyekinunua kisima cha Ruma huko Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa wakfu ili kila mtu achote. Tangu hapo kuchimba kisima kumehesabiwa miongoni mwa sadaka zenye kuendelea, zile ambazo thawabu zake humfuata mtu hata akiwa kaburini. Ukipita vijiji vya pwani ya Kenya na Tanzania utakuta visima vingi vyenye kibao cha saruji na jina la marehemu aliyechimbiwa. Wakristo nao wana kisima cha Yakobo, ambapo Yesu aliyechoka na safari alimwomba maji mwanamke Msamaria. Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, aliyaweka maji salama ya kunywa kati ya haki za msingi za binadamu wote, na hakusahau kutaja kuhara damu na kipindupindu.

Choo chenye kibao cha marehemu ni nadra kukiona. Hakuna mtoto anayesema, nimemjengea mama yangu choo cha watu wote sokoni ili apate thawabu. Lakini mtu akikisimamisha choo cha namna hiyo pale kwenye soko la Kadutu, ambako maelfu huuza na kununua kutwa nzima, atakuwa amewakinga watu na maradhi kwa kiasi ambacho visima vingi havitafikia.

Tusidhani kwamba ni waumini peke yao wenye upofu huu. Umoja wa Mataifa ulipoweka Malengo ya Milenia mwaka 2000, maji yaliingia. Vyoo viliongezwa miaka miwili baadaye, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2002. Dunia ilitangaziwa mwaka 2012 kwamba lengo la maji limefikiwa kabla ya wakati wake. Lile la vyoo halikufikiwa. Siku ya Maji Duniani imekuwapo tangu 1993, ilhali Siku ya Choo iliingia katika kalenda ya Umoja wa Mataifa mwaka 2013, miaka ishirini nyuma ya mwenzake. Hesabu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF za mwaka 2022 zinasema watu wapatao bilioni 2.2 hawana maji ya kunywa yaliyo salama nyumbani, na wapatao bilioni 3.5 hawana huduma salama ya choo. Kwa maneno mengine, wanaokosa choo salama ni wengi kuliko wanaokosa maji salama.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo imefuata njia hiyo. Ibara ya 48 inamhakikishia raia makazi yenye staha, maji ya kunywa na umeme. Choo hakimo. Wakenya, katika ibara ya 43 ya katiba yao ya Agosti 2010, waliandika vyote viwili, maji safi na usafi wa mazingira ya makazi. Inafaa kukumbuka kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuyatambua maji na usafi kuwa haki ya binadamu, Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi 41 zilizojizuia.

Kisa kinachofaa zaidi kusomwa mimbarini kuhusu jambo hili hakitoki katika vitabu vitakatifu. Kilitokea London mwaka 1854, katika mtaa wa mafukara wa Soho. Kipindupindu kililipuka mwishoni mwa Agosti na kuua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alisema chanzo ni pampu ya maji ya Broad Street, na mpini wa pampu hiyo uliondolewa tarehe 8 Septemba. Sehemu hiyo ya kisa inajulikana. Kinachosahaulika ni kwamba kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead, hakumwamini daktari. Aliwajua waumini wake nyumba kwa nyumba, alikuwa amewazika, na akaanza kuwahoji kwa nia ya kumkanusha Snow. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari alikuwa sahihi. Tena kasisi ndiye aliyekipata kile ambacho daktari hakukipata: mtoto mchanga wa nyumba namba 40 aliyeugua kabla ya wengine, na mama yake aliyekuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji taka mbele ya nyumba. Walipochimba, waliona matofali ya shimo yameoza, na kati ya shimo na kisima hapakufika hata mita moja.

Watu wa Soho walikuwa na maji. Walikuwa na pampu iliyosifiwa kwa maji yake matamu, na wapo waliotembea kutoka mbali kuja kuyachota. Kilichowaua ni shimo. Na aliyeligundua ni kiongozi wa dini aliyeyajua maisha ya waumini wake kiasi cha kujua nani anamwaga nini na wapi. Kadutu ina viongozi wa namna hiyo kwa mamia: mapadre, wachungaji, maimamu, wakuu wa jumuiya ndogondogo, mama wa vyama vya sala wanaoingia katika kila nyumba penye mgonjwa. Hakuna ofisi ya serikali yenye macho mengi kiasi hicho.

Kadutu haikufika hapa kwa uvivu wa watu wake. Wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, wazungu walijenga kando ya ziwa, na Kadutu ikawa makazi ya Waafrika waliotakiwa kufanya kazi mjini. Baada ya uhuru watu waliendelea kuja, na vita vya tangu 1996 viliwaleta kwa mafungu kutoka Kabare, Walungu, Kalehe na Shabunda. Walikuja na maarifa ya kijijini. Kijijini choo ni shimo nyuma ya migomba. Likijaa unalifukia, unachimba jingine hatua kumi mbele, na mgomba unaopandwa juu ya lile la zamani unastawi. Ni utaratibu mzuri kabisa pale penye ardhi. Mteremkoni Kadutu, penye kiwanja kinachotoshana na nyumba yenyewe, hakuna shimo la pili. Gari la kunyonya uchafu haliingii kichochoroni. Shimo likijaa, familia ina njia tatu: kumlipa mtu alichote usiku kwa ndoo, kukaa nalo limejaa, au kungoja mvua.

Hapa ndipo maadili yanapotaka uangalifu. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kutotenda lisilowezekana. Mpangaji wa chumba kimoja, mwenye watoto watano na choo kinachotumiwa na nyumba sita, hana uwezo wa kuchimba wala ruhusa ya kuchimba. Akilaumiwa yeye, dhambi imewekwa mahali pepesi. Yupo mwenye nyumba aliyejenga vyumba vinane vya mbao akavipangisha, na tundu moja la choo kwa wote. Yupo mtumishi wa serikali aliyetia sahihi hati ya kiwanja ndani ya korongo, mahali ambapo sheria ya ujenzi haimruhusu mtu kulaza kichwa. Zipo serikali zilizokusanya kodi ya soko kila siku kwa miongo na kuacha mfereji mkuu ukizibwa na taka. Dhambi ya mteremkoni ina wenyewe wengi, na aliye chini kabisa ndiye anayeilipa.

Na wala haiishii chini. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti wa Antoine Dille na wenzake juu ya mporomoko mkubwa wa ardhi wa Funu, hapo hapo Bukavu. Kwa kulinganisha picha za angani za miongo kadhaa na vipimo vya setilaiti, walionyesha kwamba ardhi hiyo, iliyokuwa ikisogea polepole tangu zamani, imeongeza kasi sehemu ambazo mji umejaa, na wakahusisha kasi hiyo na jinsi makazi yalivyobadilisha njia za maji ardhini: maji ya paa, maji ya mabomba yanayovuja, maji yasiyo na mfereji wa kuyapokea. Nyumba zinapasuka kuta, mabomba yanakatika, maji yanavuja zaidi, ardhi inateleza zaidi. Maji yasiyoongozwa yanaondoa msingi wa nyumba ya juu sawasawa na yanavyochafua nyumba ya chini.

Taka za plastiki zina safari yao ndefu zaidi. Chupa na mifuko ya Kadutu hushuka na mito hadi ziwani, na ziwa hutokea Bukavu kuingia mto Ruzizi, ambako kituo cha umeme cha Ruzizi I kimesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mafundi wa SNEL, shirika la umeme, wamekuwa wakiitoa plastiki hiyo kwa tani, kwa sababu huziba njia ya maji na kuharibu mitambo. Mitambo ikisimama, umeme unakatika. Umeme ukikatika, pampu zinazopandisha maji vilimani zinanyamaza, na yule mama aliye juu kabisa, ambaye anaweza kudhani kwamba kinachoshuka kimekwenda zake, anabaki na robine kavu. Katika mji kama huu uchafu hauna mahali panapoitwa mbali.

Kuhusu kipindupindu, mashariki ya Kongo haina haja ya kuelezwa na mtu. Ugonjwa huo umekaa kando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika tangu miaka ya 1970, na tafiti za Didier Bompangue, daktari wa Kongo, zimeonyesha jinsi maeneo hayo ya maziwa yanavyokuwa makao yake kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma juu ya mwamba wa volkano usiochimbika choo, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu kwa majuma machache. Mwaka 2017 Kongo nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000.

Je, vitabu vitakatifu vimenyamaza kuhusu choo? Hapana, na ndiyo maana ukimya wa mimbari unashangaza. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inawaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, wachukue kijiti cha kuchimbia, wachimbe na kufukia, na sababu inayotolewa ni ya kidini waziwazi: Mungu anatembea ndani ya kambi. Mtume Muhammad aliwaonya watu na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye maji yanakochotwa, njiani wanakopita watu, na kivulini wanakopumzika. Vichochoro vya Kadutu ni njia, na mto Kawa, kwa wanaofulia na kuosha humo, ni maji. Fatwa iko wazi, haihitaji mufti wa mbali.

Lakini andiko linaloifaa Kadutu kuliko yote liko katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, ile orodha ndefu ya wajenzi ambayo wasomaji wengi huiruka. Nehemia amerudi katika mji uliobomolewa na vita, anagawa kazi ya ukuta lango kwa lango. Katika mstari wa 14 lango la jaa, lile la kutolea taka na mavi nje ya mji, linajengwa na Malkiya mwana wa Rekabu. Katika mstari unaofuata lango la chemchemi linajengwa na Shalumu mwana wa Kolhoze. Wote wawili ni wakuu wa mitaa. Mwandishi hakuona aibu kuandika jina la aliyejenga lango la jaa, jina la baba yake na mtaa aliouongoza, kwa wino ule ule na heshima ile ile aliyompa mjenzi wa chemchemi.

Wanateolojia wa Afrika walikwisha kumchukua Nehemia kuwa mwalimu wao. Mkenya Jesse Mugambi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1995, alipendekeza teolojia ya ujenzi mpya baada ya ile ya ukombozi. Mkongomani Kä Mana, aliyefariki Goma mwaka 2021, aliifanya kazi hiyo hiyo kwa Kifaransa maisha yake yote, akiwauliza Wakristo wa nchi hii iliyochoka na vita imani yao inajenga nini. Swali lao likishushwa hadi kwenye kichochoro linakuwa jepesi kueleweka: katika orodha ya ujenzi mpya wa Bukavu, ni nani ameandikwa kwenye lango la jaa?

Kuna jambo linalozuia, nalo ni dharau. Anayechota choo hufanya kazi usiku ili asionekane. Dar es Salaam huitwa chura, anaingia shimoni mwili mzima, na kesho yake wale wale aliowasafishia hawataki kumshika mkono. India ilikwenda mbali zaidi, ikaifanya kazi hiyo kuwa fungu la tabaka la watu waliozaliwa humo na kufa humo, na dini ikabariki. Bindeshwar Pathak, mtu wa tabaka la juu la Wabrahmani, alivunja mwiko huo mwaka 1970 alipoanzisha shirika la Sulabh, akasambaza choo rahisi cha mashimo mawili yanayopokezana, na akatumia maisha yake, hadi alipofariki Agosti 2023, kuwatafutia wachota mavi kazi nyingine. Alielewa kwamba unajisi wa kweli haukuwa mikononi mwa mchotaji. Muumini anayejitawadha kwa uangalifu kabla ya sala, au anayechovya vidole katika maji ya baraka mlangoni, huku shimo lake linatiririka kwa jirani, ana udhu wa mwili mmoja tu.

Lipo na neno la bei, maana wengi husema maji ni ya Mungu, kwa nini yauzwe. Ni kweli maji ni ya Mungu. Bomba ni la watu, na bomba hutoboka. Tanzania iliahidi mwaka 1971 kwamba baada ya miaka ishirini kila mwanakijiji angepata maji safi karibu na nyumbani, bila malipo. Miradi ilijengwa kwa nguvu na kwa imani, lakini pampu ziliharibika, hapakuwa na fedha ya vipuri, na sera ya maji ya 1991 ikawataka wananchi wachangie. Hata kisima cha Ruma hakikuwa cha bure: Uthman alitoa fedha yake ili maskini asitoe. Swali la haki, basi, ni nani alipe na kwa ajili ya nani. Huko Kinshasa na Mbuji-Mayi vyama vya watumiaji vinaendesha mitandao midogo ya maji, vinauza kwa bidoni, na fedha hiyo inarudi kununua vali na kumlipa fundi. Kinachochukiza ni hali iliyozoeleka katika miji yetu, ambapo anayenunua kwa bidoni kilimani hulipia lita moja ghali kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba yake. Sheria ya maji ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 imefungua mlango kwa vyama hivyo vya watumiaji. Hakuna kinachokataza chama hicho hicho kitenge sehemu ya fedha ya bidoni kwa ajili ya choo.

Njia ya kufundisha usafi nayo ni suala la maadili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, alibuni huko Bangladesh mbinu ya kuwakusanya wanakijiji, kuwatembeza hadi wanakojisaidia, na kuiacha aibu ifanye kazi. Imeenea Afrika nzima, na vijijini imechimbisha vyoo vingi. Lakini aibu ni dawa inayomfaa mwenye nafasi ya kubadilika. Ukimwaibisha mpangaji wa Kadutu asiye na mahali pa kuchimba, umemwongezea mzigo juu ya mzigo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya Tanzania, mwaka 1973, ilishika njia nyingine: karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba pamoja. Mpango wa Kongo wa vijiji na shule safi, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF, ulikuwa na busara inayofanana na hiyo. Kijiji hakikupewa cheti hadi angalau asilimia 80 ya watu wake wawe na maji salama na asilimia 80 wawe na choo kinachofaa. Mwenye choo kizuri peke yake hakuhesabiwa kuwa safi. Wanakijiji walivuka pamoja au walibaki pamoja. Hiyo ni fikra ya kidini hata kama aliyeiandika alikuwa mtakwimu.

Kwa Kadutu, mifano ya kuigwa haiko mbali. Katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, kampuni ya Sanergy ilianza kuweka vyoo vya ndoo iliyofungwa, inayobebwa na kubadilishwa kila mara, na kinyesi chake hugeuzwa mbolea. Choo hicho hakihitaji shimo wala gari, kinahitaji mkokoteni na mtu anayeheshimiwa. Kibera, shirika la Umande Trust limejenga majengo ambayo chini yana vyoo na bafu, kinyesi kinatoa gesi ya kupikia, na juu kuna kumbi za mikutano. Kadutu ina kitu ambacho mitaa mingi ya mabanda haina: viwanja vya kanisa na vya shule za kanisa, ambavyo mara nyingi ndiyo ardhi tambarare iliyobaki katikati ya msongamano. Ina Salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, ambayo watu wanaijua tangu enzi za Mobutu. Ina wakuu wa avenyu na wa nyumba kumi wanaojua nani anakaa wapi.

Na ina historia ya dini iliyosimama pale serikali ilipotoweka. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996 kwa sababu hakukubali kunyamaza. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, alizuiwa kurudi Bukavu kwa miezi saba mwaka 2000 kwa sababu ya barua yake ya Noeli kwa waumini, akafariki mwaka huo huo. Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, watu walijikuta tena hawajui ni ofisi gani ya kupelekea malalamiko ya bomba lililopasuka. Parokia, makanisa ya Kiprotestanti na misikiti vilibaki mahali pake, na waumini wake wale wale, mteremkoni pale pale.

Kwa hiyo ombi linakwenda kwao kwanza. Sadaka ya maji iendelee, mabomba yavutwe, visima vichimbwe. Ila kamati yoyote ya parokia, ya kanisa au ya msikiti itakayoketi mwaka huu kupanga mradi wa maji Kadutu bila kuandika fungu la vyoo, la mfereji na la ujira wa heshima kwa anayechota shimo, irudishe bajeti hiyo mezani ianze upya. Na kila mwenye nyumba anayetoa zaka aanze na tundu lile lililo chini ya ukuta wake: alizibe kwa saruji, achangie choo na majirani wa juu na wa chini, ndipo aende na bahasha yake madhabahuni.